Anayeshika Daftari la Majina

Fungua kompyuta yoyote inayotumia Linux mjini Gisenyi, Rwanda, iwe katika ofisi ya ushirika wa wavuvi wa sambaza au katika maabara ya shule, kisha uingie kwenye folda iitwayo etc. Humo mna faili dogo lenye jina hosts, ambalo aghalabu huanza hivi:

127.0.0.1 localhost
127.0.1.1 rubavu-03

Kushoto namba, kulia jina, basi. Mstari wa kwanza unaiambia kompyuta kwamba ikisikia localhost, anayetajwa ni yenyewe. Wa pili unaiambia kwamba rubavu-03 ni yenyewe pia. Watu hutumia kompyuta miaka nenda miaka rudi bila kuliona faili hilo, na hata mafundi wengi hulikumbuka siku mambo yakigoma. Kisa cha kawaida ni cha mtu anayeamua kuibadilisha kompyuta jina, kutoka gisenyi-03 kuwa rubavu-03. Analiandika jina jipya kwenye faili la jirani liitwalo hostname, anasahau kurekebisha hosts. Tangu hapo, kila akitoa amri ya sudo, mashine inasitasita kidogo kisha inalalamika kwamba imeshindwa kumtambua rubavu-03. Inaulizia jina lake yenyewe na hapana wa kuijibu.

Kwa nini kompyuta iandikiwe jina lake mara mbili, mojawapo katika orodha ya namna hii? Sababu iko kwenye historia zaidi kuliko kwenye ufundi. Faili hili ni masalia ya enzi ambapo majina ya mtandao mzima, kompyuta moja baada ya nyingine, yaliandikwa katika daftari moja, na daftari lenyewe likashikwa na ofisi moja huko California.

Mtandao huo uliitwa ARPANET. Uligharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na mwishoni mwa 1969 ulikuwa na vituo vinne tu: Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, kile cha Santa Barbara, Chuo Kikuu cha Utah, na taasisi ya utafiti ya SRI iliyoko Menlo Park. Vituo vinne havihitaji daftari. Kila kompyuta ilikuwa na namba, na namba nne hata mtu mwenye kusahau anaweza kuzishika kichwani. Lakini vituo viliongezeka, na kwa kuwa binadamu hushika majina upesi kuliko namba, kila kituo kikaanza kujitungia majina ya kuwaita wenzake. Kompyuta ileile ikaitwa hivi hapa na vile kule. Septemba 1971 Peggy Karp, wa shirika la MITRE, alitoa waraka wa kupendekeza majina sanifu. Ulikuwa waraka wa 226 katika mfululizo wa RFC, nyaraka ambazo wajenzi wa mtandao walikuwa wakizungushiana kujadili kazi yao, na ambazo hadi leo ndizo kanuni za intaneti.

Kupendekeza ni jambo moja, kutunza ni jingine. Desemba 1973 Peter Deutsch alieleza katika RFC 606 mshangao wake kwamba mtandao uliojaa kompyuta haukuwa na orodha rasmi ya majina ambayo kompyuta zenyewe zingeweza kuisoma. Kila kituo kilijaza orodha yake kwa mkono, na orodha hizo hazikulingana. Jibu halikukawia. Januari 1974, katika RFC 608, ilitangazwa kwamba kituo cha habari za mtandao kilichokuwa pale SRI kingetunza faili moja rasmi, na vituo vyote vingelichukua kutoka hapo na kulinakili kwao. Ndilo lililokuja kujulikana kama HOSTS.TXT, na faili la kompyuta ya Gisenyi ni mjukuu wake wa damu.

Kituo hicho kiliongozwa na Elizabeth Feinler, ambaye wenzake walimwita Jake. Hakuwa mhandisi wa kompyuta. Alisomea kemia, akajiunga na SRI mwaka 1960 katika kazi ya kutafuta na kupanga taarifa za kisayansi, na mwaka 1972 akaingia katika maabara ya Douglas Engelbart, yule aliyebuni kipanya cha kompyuta. Kazi aliyopewa kwanza ilikuwa kuandaa kitabu cha kuonyesha kituo gani kina kitu gani, kwa ajili ya maonyesho ya ARPANET yaliyofanyika Washington Oktoba ya mwaka huo. Historia nyingi za intaneti humtaja kwa aya moja na kukimbilia kwa wanaume waliobuni nyaya na itifaki. Mimi naona wanamkimbia mtu mwenye uzito. Wahandisi walijua kusafirisha data. Feinler alijua kitu ambacho wakutubi wote hujua, kwamba orodha isiyo na mtu wa kuulizwa huharibika.

Utaratibu wa ofisi yake ulikuwa wa kawaida kabisa. Ukitaka kompyuta yako itambuliwe mtandaoni, ulipiga simu au ulituma barua pepe. Wafanyakazi wake waliangalia kama jina unalolitaka limeshachukuliwa, wakaliandika pamoja na namba yake, na mara moja au mbili kwa wiki wakatoa toleo jipya la faili. Ilibidi upige simu saa za kazi, yaani saa za kazi za California. Kanuni za jina lenyewe ziliandikwa pia, na toleo lake la 1985, RFC 952, lilisema: herufi, tarakimu na kistari tu, lianze na herufi, lisizidi vibambo 24. Ukomo huo wa urefu ulilegezwa mwaka 1989, na ruhusa ya kuanza na tarakimu ikatolewa, lakini mengine yamebaki. Ndiyo maana kompyuta yetu inaitwa rubavu-03 na haiwezi kuitwa rubavu 03 au rubavu_03 bila kuleta usumbufu mahali fulani.

Kisha ukaja msongamano. Agosti 1981 faili lilikuwa na kompyuta 213. Miaka miwili baadaye, baada ya mtandao kuhamia kwenye itifaki ya TCP/IP hapo 1 Januari 1983, zilikuwa 562. Oktoba 1984 zikafika 1,024, na Oktoba 1985 zikawa 1,961. Hesabu hizi zinaonekana ndogo kwa anayezitazama leo, ila kila kompyuta mpya ilileta mizigo miwili kwa wakati mmoja: iliongeza mstari kwenye faili, na iliongeza mtu mmoja zaidi wa kulipakua faili zima kila linapobadilika. Ukiongeza kompyuta mara mbili, kazi ya mashine ya SRI haikuongezeka mara mbili bali kama mara nne. Na kabla toleo jipya halijawafikia walio mbali, lilikuwa tayari limepitwa na wakati.

Jon Postel, aliyekuwa msimamizi wa namba za mtandao katika Taasisi ya Sayansi za Habari ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, alimkabidhi kijana wa hapo hapo, Paul Mockapetris, mapendekezo kadhaa ya kutatua tatizo hilo ili atafute suluhu ya katikati. Mockapetris aliyaweka kando, akabuni la kwake. Novemba 1983 lilitoka katika RFC 882 na 883: mfumo wa majina ya vikoa, DNS. Kiini chake kilikuwa kulikata daftari vipande na kila kipande kukipa mtunzaji wake. Anayetunza kipande cha juu hajui kompyuta zilizo chini. Anajua tu nani wa kuulizwa. Ukitafuta kompyuta, unaelekezwa kutoka kwa mtunzaji mmoja hadi mwingine mpaka umfikie aliyeliandika jina.

Oktoba 1984 vipande vya juu vilipangwa: .com, .edu, .gov, .mil, .org, na kwa kila nchi herufi mbili. Herufi hizo Postel na wenzake hawakuzibuni wenyewe. Walizichukua kutoka kwenye orodha ya ISO 3166, na Postel alilieleza jambo hilo waziwazi mwaka 1994, kwamba si kazi ya ofisi yake kuamua ipi ni nchi na ipi si nchi. Ulikuwa uamuzi wa busara wa mtu aliyejua akigusa moto huo ataungua. Hata hivyo, kulikuwa na uamuzi mwingine asioweza kuukwepa: katika kila nchi, nani apewe daftari?

Afrika Mashariki ilifikiwa na swali hilo katika miaka ya tisini. Kipande cha .ke kilifunguliwa 1993, .tz na .ug 1995. Cha .rw kikafuata 1996, miaka miwili tu baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, wakati nchi ikiwa ingali inajenga upya hata ofisi zake za kawaida. Daftari la .rw halikuwekwa mikononi mwa taasisi ya Rwanda. Liliandikishwa kwa kampuni ya watu wa nje iliyokuwa inashika pia daftari la nchi ya jirani, na hali ikabaki hivyo kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Shule, benki au ofisi ya wilaya iliyotaka jina linaloishia na .rw ililazimika kulitafuta kwa mtu asiyewajibika kwa Mnyarwanda yeyote.

Jirani mwenyewe alikuwa na yake. Ukisimama Petite Barrière, kivuko cha miguu kati ya Gisenyi na Goma, ambapo wanawake hupita asubuhi na beseni za nyanya na mayai, ng'ambo ya kizuizi mwanzoni mwa 1997 ilikuwa Zaire, na kwenye daftari la dunia iliandikwa .zr. Mwezi Mei majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yaliingia Kinshasa, na nchi ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. ISO ikabadilisha herufi, kipande cha .cd kikafunguliwa mwaka huohuo. Lakini .zr hakikufutwa papo hapo, maana kila jina lililoandikwa chini yake lilikuwa anwani ya mtu, na kulifuta ghafla ni kumpotezea mtu huyo barua zake. Kiliondolewa mwaka 2001. Kwa muda wa miaka kama minne, basi, Goma ilikuwa katika nchi yenye majina mawili mtandaoni, moja likiwa la taifa ambalo halikuwapo tena.

Watu wa Gisenyi wasingeshangaa. Wajerumani waliandika Kissenji walipoweka kituo chao cha kijeshi ufukweni mwa Ziwa Kivu, na mwaka 1910 mjini Brussels mpaka ukachorwa, Goma ikaangukia kwa Wabelgiji, huku Gisenyi ikibaki upande wa Wajerumani. Wabelgiji waliiteka 1916, ramani zao zikasema Kisenyi. Mwaka 2006 Rwanda ilipanga upya tawala zake: Ruhengeri ikawa Musanze, Butare ikawa Huye, Kibuye ikawa Karongi, na hapa ikazaliwa wilaya ya Rubavu, yenye jina la kilima kilichouegemea mji. Gisenyi haikufutwa, imebaki jina la mji na la mojawapo ya sekta za wilaya. Kwenye kituo cha basi Nyabugogo, Kigali, utasikia yote mawili, na gari ni lilelile.

Daftari la .rw lilirudi nyumbani mwaka 2012, likakabidhiwa kwa RICTA, jumuiya ya wadau wa intaneti yenye makao Kigali. Kabla ya hapo, mwaka 2004, Rwanda ilikuwa imeanzisha RINEX, mahali pa kubadilishana data kati ya watoa huduma wa ndani, ili barua kutoka ofisi moja ya Kigali kwenda ofisi ya mtaa wa pili isilazimike kupanda setilaiti na kuzunguka mabara. Na mwaka 2011 ulikamilika mkongo wa taifa wa zaidi ya kilomita 2,300 uliofika wilaya zote 30, Rubavu ikiwamo. Ndani ya miaka kumi hivi, njia, makutano na daftari vyote vikawa chini ya mamlaka ya nchi.

Sasa turudi kwenye folda ya etc, kwa sababu bado hatujajibu kwa nini faili lile dogo halikufa DNS ilipozaliwa.

Mwaka 1983, mwaka uleule wa waraka wa Mockapetris, Chuo Kikuu cha California cha Berkeley kilitoa toleo la Unix liitwalo 4.2BSD, lenye TCP/IP ndani yake na faili la /etc/hosts. Unix ikazaa watoto na wajukuu, na kila mmoja alilibeba faili hilo. Hata Windows inalo, limefichwa ndani ya System32, kwenye drivers, kwenye folda ambayo nayo inaitwa etc, neno lisilo na kazi nyingine huko isipokuwa kuonyesha lilikotoka. DNS ilipoenea, faili halikuondolewa. Lilipewa nafasi ya mbele. Katika Linux kuna faili jingine, nsswitch.conf, ambamo mna mstari unaoanza na neno hosts na kufuatwa na files, kisha dns. Maana yake ni kwamba kompyuta ikitaka kujua jina ni la nani, isome kwanza daftari lake la mezani, na isipopata ndipo iulize dunia.

Mpangilio huo unampa mwenye kompyuta uwezo ambao RICTA haina, na wala msimamizi wa .com hana. Ukiandika kwenye hosts kwamba jina la tovuti fulani maarufu lina anwani ya mashine iliyo chini ya meza yako, kompyuta yako itakuamini wewe na kuwapuuza wengine wote. Jirani yako hataguswa. Watu hutumia uwezo huu kuzuia matangazo, kwa kuyaelekeza majina ya seva za matangazo kwenye anwani isiyo na kitu. Waandishi wa virusi nao waliugundua mapema: wakiongeza mstari mmoja, mtu anaandika jina la benki yake bila kosa hata la herufi, na anafikishwa kwa mwizi.

Kuna mahali ambapo daftari la hapohapo si hiari bali lazima. Rwanda ilianza mwaka 2008 kugawa kompyuta ndogo za XO kwa wanafunzi wa shule za msingi, na hatimaye zilipita 200,000. Shule nyingi hazikuwa na intaneti. Mradi ulikuwa umeandaa programu za seva ya kuwekwa shuleni, yenye vitabu na masomo, na mtoto aliifikia kwa kuandika jina schoolserver. Jina hilo halikuandikwa kwenye daftari lolote la dunia. Lilikuwa na maana ndani ya uzio wa shule tu, na shule ya pili ilikuwa na schoolserver yake bila kugombana na ya kwanza, hali ambayo ofisi ya Feinler isingeiruhusu hata siku moja.

Tumalizie na zile namba mbili. Mwaka 1981 Postel alipoorodhesha makundi makubwa ya namba, aliacha la kwanza, 0, na la mwisho, 127, bila kumgawia mtu. Baadaye, katika orodha ya 1986, kundi la 127 likapewa kazi ya kujirudia: chochote kinachotumwa huko kisitoke nje ya mashine. Ni zaidi ya namba milioni 16, na karibu zote zimekaa bure, kwani dunia iliizoea moja tu, 127.0.0.1. Watengenezaji wa Debian ndio walioichukua 127.0.1.1. Walikuwa na kompyuta zisizo na anwani ya kudumu, kama zile za kubebwa mkononi zinazopewa anwani mpya kila zinapounganishwa, na programu ambazo hata hivyo hudai kwamba jina la kompyuta lazima liwe na anwani fulani. Hawakutaka kulichanganya jina hilo na localhost, wakalipa mstari wake. Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian, ikaurithi.

Kwa kompyuta ya karani mstari huo hauna neno. Kwa seva unaweza kuleta balaa. Tuseme rubavu-03 imefanywa seva ya ofisi yenye matawi Gisenyi na Musanze, na programu iliyomo inaiuliza mashine: jina langu lina anwani gani? Inajibiwa 127.0.1.1. Inaitangaza anwani hiyo kwa kompyuta za Musanze, nazo zinaifuata, na kwa kuwa 127 haitoki nje ya mashine, kila moja inajigongea mlango wake yenyewe na kuripoti kwamba seva imekufa. Nyaya ziko sawa, mkongo uko sawa, DNS iko sawa. Dawa yake iko kwenye maelekezo ya Debian yenyewe: kompyuta yenye anwani ya kudumu, mstari wa pili uandikwe anwani hiyo badala ya 127.0.1.1.

127.0.0.1 localhost
192.168.10.3 rubavu-03

Na kama jina la zamani, gisenyi-03, bado linatumiwa na programu zilizomo kwenye mashine hiyo, linaruhusiwa kuandikwa palepale mwishoni mwa mstari wa pili, baada ya nafasi moja. Faili hili halina shida na kompyuta moja kuwa na majina mawili.